Mwalimu wa Kiswahili na Daftari la Mwenzake: Hali ya Kariakoo

Mteja anayemwambia mchonga funguo wa Kariakoo kuwa "funguo yangu imevunjika" hasahihishwi, anachongewa mwingine. Mwanafunzi akiiandika sentensi hiyo katika shule ya jirani, hatima yake hutegemea kalamu iliyomfikia. Mwalimu mmoja ataikata, kwa kuwa kamusi hutoa ufunguo, wingi funguo, na upatanisho wa U/ZI hudai ufunguo wangu umevunjika. Mwingine ataiacha ipite, pengine kwa kuwa naye husema hivyo nyumbani.

Jambo hili si uzembe. Katika funguo hii na nyimbo hii, umbo la wingi limechukuliwa kuwa la umoja, na nomino imehamia I/ZI pamoja na nguo na nyumba. Mwanafunzi amefuata kanuni, ila si ile inayotahiniwa. Mwalimu asiyeweza kumweleza tofauti hiyo humfundisha kunyamaza.

Swali hili la kiisimu mwalimu hulijibu aghalabu peke yake. Semina zina manufaa, hasa mitaala inapobadilika kama ilivyokuwa mwaka 2005 na 2023, lakini mwezeshaji huja na mada yake, si na madaftari ya darasa la mwalimu. Tofauti za usahihishaji hujitokeza pale tu walimu wawili wanapoisahihisha insha moja kila mtu kivyake, kisha wakaketi kulinganisha.

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ulioenezwa nchini katika miaka ya 2020, umejengwa juu ya walimu kujifunza wao kwa wao, na msingi huo ni sahihi. Hatari yake ni kugeuka orodha ya mahudhurio. Hakuna mwalimu atakayekiri kwamba yeye mwenyewe husema nyimbo hii mbele ya mtu anayemjazia fomu ya tathmini. Kikundi kinachofaa ni cha walimu watatu au wanne, wenye cheo sawa, kutoka shule zinazofikika kwa miguu. Na katikati ya jiji, shule za namna hiyo zipo tele. Katika Uhuru Mchanganyiko, ambako wasioona husoma pamoja na wenzao, wapo walimu ambao huenda wakawa na la kuwaambia jirani zao kuhusu kusikiliza lugha kabla ya kuitazama ubaoni.

Itadaiwa kuwa walimu wenyewe kwa wenyewe wataidhinishiana makosa. Dai hili lina uzito. Lakini TATAKI, iliyorithi kazi za TUKI mwaka 2009, iko Mlimani, jijini humo humo. Mtaalamu wake aalikwe kikundi kikishapata swali, wala asitangulie kulitunga. Naye atarudi na data ambayo maktaba haina.

Linalobaki ni muda. Kipindi kimoja kwa juma kikiondolewa katika ratiba ya wahusika, mkutano hautahitaji posho.