Jiliwa la Kamusi, Vaisi ya Karakana

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nia ya makala haya ni kudai kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili vyuoni tumekataa kuinama, na kwamba kukataa kwetu kunaigharimu lugha tunayojigamba kuienzi. Ushahidi wangu huenda ukawashangaza wengi, maana sikuutoa katika diwani wala riwaya, bali katika garimoshi la mfano ambalo kichwa chake hakizidi shubiri moja.

Garimoshi hilo nililinunua Gikomba, katika rundo la vitu vya watoto vya mitumba, nikampelekea mpwa wangu mwenye umri wa miaka 9. Lilikuwa na kichwa kimoja, mabehewa mawili na reli za kutosha kufanya duara sebuleni. Halikuwa na karatasi ya maelezo. Tulipolipa umeme lilishtuka mara moja, likanyamaza. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, limekufa?" Nami, mwenye shahada ya Kiswahili na anayesomea ya pili, sikuwa na sentensi hata moja ya kumweleza palipoharibika.

Magarimoshi ya aina hii, kwa kawaida, huenda kwa umeme wa volti 12 wa aina ya betri, unaopita katika reli zenyewe: reli moja hupeleka, ya pili hurudisha. Magurudumu huuchota umeme huo, vibati vyembamba vya shaba huupokea kutoka kwenye magurudumu na kuufikisha kwenye mota. Ndani ya mota mna vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi ili viiguse sehemu inayozunguka. Mota huzungusha gia, na gia huzungusha magurudumu. Hitilafu basi yaweza kuwa popote katika mnyororo huo: reli zenye kutu, magurudumu yenye uchafu, kibati kilichopinda, kaboni iliyolika, gia iliyong'oka meno. Anayetengeneza hana budi kuyatenga haya moja baada ya jingine. Akiigusisha mota na betri moja kwa moja nayo ikazunguka, atajua kwamba ila haiko kwenye mota bali iko njiani, kati ya reli na mota. Isipozunguka, atajua kwamba kusugua reli ni kujichosha bure.

Hayo yote nimeyajua baadaye. Aliyenifundisha ni mzee mmoja, fundi wa redio na saa katika mtaa wetu, ambaye hakuwa amewahi kuona garimoshi la namna hiyo. Alikifungua kichwa chake, akaigusisha mota na betri ya volti 9. Ikakohoa. "Mwalimu, hii haijakufa," akasema. "Inakunywa stima lakini haivuti." Kipande kimoja cha kaboni kilikuwa kimelika hadi kubaki kama punje ya mtama.

Hapo ndipo swali la vipuri lilipozuka. Kwa wapenzi wa reli za mfano huko Ulaya na Marekani, kutafuta vipuri ni nusu ya shughuli yenyewe. Hununua magarimoshi mabovu ili kuyavua viungo, hubadilishana sanduku za vyuma kuukuu katika minada, na siku hizi wengine huchapisha vipande vya plastiki kwa mashine. Mzee wangu hakuwa na hayo. Alichukua kaboni kubwa ya mashine mbovu ya kutobolea mbao, akaikata, akaisugua kwa msasa hadi ikaingia. Gurudumu moja lilikuwa limepoteza pete yake ya mpira, ile inayolizuia kuteleza. Akaivua pete inayolingana nayo kutoka kwenye kigurudumu cha redio ya kaseti iliyokwisha kufa. Kisha akayapangusa magurudumu na reli kwa spiriti. Garimoshi likazunguka.

Nilirudi nyumbani nimeazimia kumwandikia mpwa wangu mwongozo wa kurasa mbili ili siku nyingine ajitegemee. Sentensi ya tatu ilinikwamisha. Kila mwanafunzi aliyesoma Kiswahili katika shule za Kenya amewahi kukariri orodha ya vifaa vya ufundi: jiliwa, keekee, parafujo, randa, timazi, pimamaji. Nilizipata alama zangu. Lakini siku mzee aliponiambia nikishike chuma kwenye vaisi, sikujua kwamba ninaliona jiliwa kwa mara ya kwanza maishani. Naye, aliyelitumia kila siku, hakuwahi kulisikia neno hilo. Yeye alikuwa na kitu, mimi nilikuwa na jina, na hakuna aliyetukutanisha.

Niliandika basi mwongozo kwa namna mbili. Wa kwanza niliujaza jiliwa, parafujo na keekee, nikamsomea mzee. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama hicho ni Kiarabu. Wa pili niliujaza vaisi, skrubu, drili na spea, nikauwasilisha katika semina yetu ya tafsiri. Mwenzangu mmoja akasema kwamba hicho si Kiswahili sanifu, na kwamba msomi hapaswi kuiandika lugha ya jua kali. Mwongozo wa kwanza haukueleweka kwa mwenye kazi, wa pili haukukubalika kwa mwenye lugha. Mtoto aliyekuwa akiungoja hakupata wowote.

Wapo watakaosema kwamba garimoshi la mfano ni mchezo wa Wazungu, na kwamba mwanafasihi ana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Nawajibu kwa kuwapeleka Lamu. Huko mafundi huchonga majahazi ya mfano, na kila kiungo cha jahazi hilo dogo kina jina lake la Kiswahili: mkuku, mlingoti, foromali, tanga, usukani. Hakuna kamati iliyoyabuni majina hayo. Yalikua pamoja na kazi, yakatoka mikononi mwa waunda vyombo, yakaingia katika methali na mashairi tunayoyahakiki leo. Anayeisifu lugha ya pwani kwa utajiri wake anausifu, apende asipende, utajiri wa karakana. Kwa nini basi mkuku uwe fasihi na gia iwe uchafu?

Wengine watasema kwamba kuunda istilahi ni kazi ya taasisi. Kweli, na taasisi zimefanya kazi ya kupigiwa mfano. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ikafuata mwaka 1990. Hata hivyo, istilahi ni kama kipuri. Kipuri kisichofungwa mashineni ni chuma tu, hata kiwe kimechongwa kwa ustadi wa namna gani.

Aidha, historia ya reli za mfano ina funzo kuhusu usanifishaji. Katika kipimo cha 1:87, njia ya reli ya kawaida yenye upana wa milimita 1435 huwa milimita 16.5. Waingereza waliona taabu, kwa kuwa magarimoshi yao ni membamba kuliko ya nchi nyingine, na mota za zama hizo hazikuenea ndani yake. Wakayaongeza ukubwa hadi kipimo cha takriban 1:76, lakini wakabaki na reli zile zile za milimita 16.5, ingawa hesabu ilidai 18.83. Tangu hapo garimoshi la Mwingereza husimama juu ya njia iliyo nyembamba kuliko inavyostahili. Wapo mafundi wachache wanaojengea njia ya kipimo halisi kwa mikono yao. Walio wengi huivumilia kasoro hiyo, maana inawawezesha kutumia magurudumu na reli za watengenezaji mbalimbali bila shida.

Nasi tuna kasoro yetu ya namna hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine zilibanwa, na malalamiko hayajaisha hadi leo. Tuliikubali hasara hiyo ili tuelewane kutoka Lamu hadi Kisangani. Usanifu, kwa hiyo, haukuwa usafi. Ulikuwa mapatano ya watu wanaotaka vitu vyao viungane. Ikiwa lengo ni kuungana, usanifu unaomtenga fundi na mwongozo wake umelikosa lengo lake wenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya, pamoja na Kiingereza. Urasmi huo una maana gani kwa mzee yule, ambaye ujuzi wake wa kupata kipuri pasipo na kipuri haujaandikwa popote? Atakapoondoka ataondoka nao. Hatapoteza yeye, tutapoteza sisi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kundi la wanafunzi wa shahada ya kwanza lipelekwe karakana, liandike maneno ya mafundi pamoja na kazi ya kila kifaa, kama tunavyokwenda nyanjani kukusanya ngano na vitendawili. Pili, kamusi na majarida yetu yaandike jiliwa na vaisi pamoja, bila kuona haya, hadi wasemaji wenyewe watakapochagua. Tatu, idara zetu zikubali tafsiri ya mwongozo wa ufundi kuwa tasnifu halali, na msahihishaji wa mwisho awe mtu atakayeufuata mwongozo huo na kuona kama kifaa kimepona.

Mwongozo wangu sasa umekamilika, na umebaki kurasa mbili. Nimeandika jiliwa, na kando yake nikaandika vaisi. Mpwa wangu ameshaufuata mara moja, akasafisha reli na kubadilisha kaboni bila kuniita. Mzee naye amelijua neno moja la kamusi, na mimi nimejifunza kumi ya kwake. Msomaji anayetaka kuusahihisha anakaribishwa sana. Ila aje na bisibisi.