Mashimo ya Sulemani bado yana watu

Wewe mtoto wa mahali pa zahabu, neno "shimo" unalijua bila kufundishwa. Basi sikia juu ya mashimo ambayo hayako kwenye ramani yoyote, lakini watu wanayaingia tangu mwaka 1885.

Mwaka ule Mwingereza Henry Rider Haggard alitoa hadithi ya watu wanaotafuta almasi za Mfalme Sulemani katika Afrika. Yeye mwenyewe alifika Natal akiwa kijana wa miaka 19. (Tusidanganyane: Biblia haitaji mashimo ya Sulemani. Fungua 1 Wafalme 9, utakuta merikebu na zahabu ya Ofiri, basi.)

Haggard alikufa 1925. Juu ya nini hajasahauliwa? Ni juu ya wasomaji. Katika kanisa la kijiji chake, Ditchingham, kuna dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka, lenye piramidi za Misri na shamba lake la Afrika ya Kusini. Wapenzi wa vitabu vyake wakaunda jumuiya yenye jina lake. Wamarekani wakaja mpaka Afrika ya Mashariki kupiga filamu yake, iliyotoka mwaka 1950. Lakini kwetu sisi wa Kiswahili, aliyefanya kazi kubwa ni Frederick Johnson. Mwaka 1929 alikitoa kwa lugha yetu, kikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Kitabu kikaingia mashuleni, na wako wazee Tanzania na Kenya ambao ukitaja jina lake tu, watakusimulia mpaka chakula kipoe.

Sasa, kuna neno. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki 2025, alikisema vikali kitabu cha namna hii: kinamfundisha mtoto mweusi kujidharau. Ni kweli. Wazungu ndio wenye akili na bunduki, weusi wanashangaa. Tena yuko bibi kizee Gagula anayenusa wachawi, na kila anayeonyeshwa anauawa palepale. Wazazi, msipite haraka hapo. Tunajua namna mama mzee anavyonyoshewa kidole mtoto akifa kijijini. Funga kitabu kidogo, uliza: huyu amekosa nini?

Mimi naona tukisome, lakini tukisome na macho. Kwa sababu kuna sura moja ambayo mchimbaji wa kwetu ataielewa kuliko profesa wa London. Watu watatu wamefika ndani, masanduku yamejaa almasi, kisha mlango wa jiwe unashuka nyuma yao. Taa inazimika. Chakula kidogo, maji kidogo, na utajiri wa kununua mji mzima umewazunguka, hakuna anayeutazama. Wanachotafuta sasa ni upepo, wajue hewa inaingilia wapi. Mmoja tu, wakati wa kutoka, anakumbuka kujaza mifuko.

Vijana wa kwaya, sura hiyo inatosha jioni moja: mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize taa ikiwa imezimwa pale inapozimika kitabuni. Na wewe baba mwenye nakala ya zamani, isiyo na jalada, tafadhali mama asifungie karanga. Ilete parokiani tuishone.