Kitaliano na kemia kwa binti wa Sumbawanga, mnacheka nini?

Poleni na joto la huko Unguja na Pemba. Sisi tulioolewa huku Ufipa tuko juu, mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba mtu havui sweta mpaka jua likolee.

Leo nataka tuzungumze masomo. Binti wa mteja wangu amemaliza kidato cha nne, anataka kusoma kozi mbili chuoni: lugha na utamaduni wa Kitaliano, na kemia ya kuanzia. Alipolisema hilo dukani kwangu watu walicheka sana. Mmoja akasema Mtaliano gani atakuja Sumbawanga? Mwingine akasema kemia ni ya wavulana, mtoto wa kike ashike cherehani kama fundi huyu. Fundi huyu ndiye mimi, na sikubaliani nao.

Tuanze na Kitaliano. Wataliano wenyewe huku ni nadra, kweli, lakini nguo zao zinafika kwenye mabelo ya mitumba. Masweta na makoti mazuri kwa baridi hii mengine yana lebo ya Kitaliano. Imeandikwa lana, hiyo ni sufi. Cotone ni pamba, na neno lenyewe wamelitoa kwenye Kiarabu, qutn, kama vile zucchero yao na sukari yetu zilivyotoka mlango mmoja. Lino ni kitani. Seta ni hariri, na hapa Muislamu anahitaji kuwa makini, kwa sababu mwanamume hariri tupu haivai. Mteja akikuletea shati la mume wake ulipunguze, lebo inasema seta 100%, utamwambia nini kama huwezi kuisoma? Saizi nazo zina mambo. Gauni la 42 la Kitaliano ni karibu sawa na 36 la Kijerumani. Asiyejua anamuuzia mwanamke mnene gauni la msichana mwembamba kwa kuamini namba tu.

Na ninyi wa visiwani msijifanye hamjui. Kiwengwa Kitaliano kinalisha watu. Vijana wengi wamekiokota ufukweni, wanasema ciao na bei ya kinyago, basi. Lakini kuuza ufukweni na kufanya kazi ya mapokezi hotelini ni mambo mawili. Aliyesoma na utamaduni wao anajua kwa nini mgeni anashangaa akiletewa kapuchino baada ya chakula cha usiku, maana kwao ile ni ya asubuhi. Vitu vidogo, lakini hotelini ndivyo vinavyomfanya mgeni arudi. Binti wa Kifipa akienda huko na lugha mdomoni, heshima yake na stara yake, kuna ubaya gani?

Hata hivyo mama yake aliponiuliza, ada ikitosha kozi moja tu ashike ipi, nilimjibu bila kufikiri mara mbili: kemia.

Fundi yeyote anafanya kemia kila siku, ila hajaambiwa. Nikitilia shaka kitambaa nachomoa uzi mmoja nauchoma. Ukinuka kama nywele zinaungua, ni sufi au hariri. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, ni poliesta, hata muuzaji aape vipi. Sufi na hariri zimejengwa kwa protini kama nywele zetu, ndiyo maana jiki inazila. Nimeona sweta safi la sufi limetoka kwenye beseni la jiki kama wavu wa dagaa.

Hiyo ni hasara ya sweta. Kuna hasara ya roho. Wanawake wengi tuna vikundi, na kikundi kikikosa la kufanya kinatengeneza sabuni. Kostiki soda inatiwa kidogo kidogo ndani ya maji. Ukimimina maji juu ya kostiki inachemka ghafla na kukurukia usoni, na jicho likiungua hivyo linaweza lisirudi. Chooni nako, mtu anamwaga jiki, anaona haitoshi, anaongeza asidi ya kusafishia masinki. Hapo ametengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mtoto mgongoni. Nani alitufundisha haya? Wengi hakuna.

Wanaosema kemia si ya kwetu wanajisahau, na huku Ufipa wanajisahau zaidi. Wafipa wa zamani walijenga matanuru ya udongo marefu kama mita 3, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Walipanga humo mkaa na mawe yenye chuma, moto ukaondoa oksijeni kwenye mawe, chuma kikabaki. Kisha wakakisafisha kwenye tanuru dogo la pili kabla ya mhunzi kufua majembe. Baadhi ya matanuru hayo bado yamesimama huku porini. Jina lenyewe kemia ni Kiarabu, al-kimiya, likapita kwa Wazungu likaturudia. Na wanaopenda Italia wajue kwamba Avogadro, ambaye namba yake inawatoa jasho wanafunzi, alikuwa mtu wa Torino. Kwa hiyo huyo binti hajachanganya mambo kama mnavyodhani.

Linaloniuma zaidi ni kidato cha tatu. Kwa utaratibu tuliosoma sisi, kemia na fizikia ni lazima mpaka kidato cha pili, halafu mwanafunzi anachagua. Mtoto wa miaka kumi na tano anaiacha kemia kwa sababu rafiki yake ameiacha, au shule haina maabara, au shangazi amesema itamharibia matokeo. Miaka miwili baadaye anataka uuguzi na ukunga, anakuta fomu inadai ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia. Anataka famasi, kemia na baiolojia tena. Kumbe mlango ulifungwa zamani, na mzazi hata hakusikia ukigonga. Huku vijijini zahanati zinahitaji wakunga, na wanawake wengi tungependa kuzalishwa na mwanamke mwenzetu. Watatoka wapi kama tunawatoa darasani wenyewe?

Matokeo ya kidato cha pili hutoka Januari. Dada mwenye binti hapo, nenda shuleni kwa miguu yako kabla hajajaza chaguo, umuulize mwalimu wa kemia, si shangazi.