Kupanga Kikosi: Somo la Karata kwa Mwalimu wa Vikundi

Yeyote apitaye jioni katika mitaa ya Jangwani na Kariakoo hakosi kuona michezo miwili ya karata. Barazani wazee wanne wamekaa wawili wawili wakicheza wahedi wa sitini. Hatua chache kando yao kijana ameinamia simu, naye anacheza karata zisizoshikika mkononi. Walimu wengi huihesabu michezo yote miwili kuwa ni upotevu wa wakati. Mimi naona kwamba imo ndani yake faida kwa mwalimu mwanafunzi, hasa juu ya jambo linalowashinda wengi wakati wa mazoezi ya kufundisha, nalo ni kupanga vikundi darasani.

Tuchukue mfano wa Clash Royale, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Supercell ya Finland. Mchezaji hukusanya karata nyingi, lakini huingia vitani na 8 tu. Kila karata ina gharama yake, ambayo hulipwa kwa matone ya nguvu yajazayo polepole, wala hayazidi 10. Karata iitwayo Golem ni jitu la mawe la gharama ya 8. Mchezaji mgeni hulitamani jitu hilo, akalikusanyia na majitu mengine. Matokeo yake ni kwamba hukaa akingoja matone, huku mwenzake akimshambulia kwa karata za gharama ya 2 na 3. Aidha, Golem hupiga majengo tu. Adui arukaye humpita juu bila kudhuriwa. Mchezaji hodari hujiuliza: nani atatangulia, nani atazuia, nani atawapiga warukao, nani atatolewa upesi mambo yakiharibika? Kikosi chake hupangwa kwa kazi, si kwa sifa.

Sisi walimu je, hupangaje? Wako wawakusanyao wenye alama za juu mahali pamoja, na wengine wakaachwa nyuma. Wako pia wamwekao hodari mmoja katika kila kikundi, kisha wakaridhika. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipoanza kazi. Nilizunguka darasani nikifurahia majibu sahihi ya kila kikundi, mpaka siku niliposahihisha daftari la mtoto mmoja mmoja. Hapo nilitambua kwamba katika vikundi saba nilikuwa nimefundisha watoto saba tu, yaani viongozi wao. Wengine walikuwa wamekaa karibu na jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa vikundi, hapana budi mwalimu aichambue kazi yenyewe. Chukua somo la Hisabati juu ya faida na hasara. Kazi hiyo yahitaji msomaji wa swali, mtu ajuaye mambo ya bei, mkokotoaji, mhakiki na msemaji. Mtoto asomaye kwa kusitasita, lakini ambaye kila Jumamosi humsaidia mama yake kuuza nyanya sokoni, huenda ndiye atakayewaeleza wenzake kwa nini nyanya zilizooza lazima zihesabiwe katika hasara. Majina ya kazi hizo yaandikwe juu ya vipande vya maboksi, ambavyo Kariakoo havinunuliwi, na kila mtoto apewe chake. Juma linalofuata vipande vibadilishane mikono. Mwisho wa kipindi mwalimu amwulize yeyote, si msemaji peke yake.

Hata hivyo, mfano huu una mpaka wake. Katika simu, gharama ya karata na kazi yake vimekwisha kuandikwa na waliotunga mchezo, na mwenye fedha aweza kuzipata karata anazozitaka upesi kuliko maskini. Mtoto hakuandikwa hivyo. Wazee wa barazani wanalijua jambo hili: katika wahedi wa sitini ree ina pointi 11, lakini turufu ndogo isiyo na pointi hata moja huila ree ya aina nyingine, na turufu ya mchezo huu si lazima iwe ya mchezo ujao. Mwalimu ampaye mtoto kazi ya kufuta ubao mwaka mzima amekwisha kumwandikia thamani, na mtoto huisoma thamani hiyo mapema kuliko asomavyo kitabu.

Mchezaji wa simu huchagua karata zake. Wa barazani hucheza alizogawiwa. Mwalimu yu kati ya hao wawili. Darasa amegawiwa, wala hana ruhusa ya kumtupa hata mmoja. Vikundi huvipanga mwenyewe. Basi, ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapoandaa somo lako lijalo, usianze kwa kuuliza nani ni hodari. Uliza kwanza kazi ina sehemu ngapi, kisha uhakikishe kwamba hakuna mtoto aliyekosa sehemu yake.