Ofisi Zinazomwambia Mwananchi "Njoo Kesho"

Mzee amevaa koti lake la sikukuu, amebana bahasha ya kaki kwapani, na amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya umma tangu saa mbili asubuhi. Ametoka kijijini jana kwa basi, amelala kwa mpwa wake, na shida iliyomleta mjini ni herufi moja tu. Barua yake ya ajira ya mwaka 1986 imemwandika Athumani. Kitambulisho chake cha Taifa kimemwandika Athmani. Maadamu irabu hiyo haijapatiwa maelezo, karatasi za mafao yake ya uzeeni hazisogei.

Upande wa pili wa kioo ameketi kijana mwenye shahada. Haamkii, wala hainui macho yake kutoka katika simu. Mzee ndiye anayeanza: "Habari za kazi, mwanangu." Anachojibiwa ni maneno manne ambayo leo yamekuwa kama wimbo wa ofisi nyingi: "Mtandao hakuna, njoo kesho."

Kinachouma katika kisa cha namna hii, ambacho kila mtumishi mkweli amewahi kukishuhudia, ni kwamba shida ile haikuhitaji mtandao. Jalada la utumishi la mzee huyo limo katika kabati la chuma, hatua nne nyuma ya kiti cha kijana. Kilichohitajika ni mtu anayeweza kuisoma namba ya kumbukumbu iliyoandikwa juu ya barua, akaifuata mpaka kwenye rafu, akafungua jalada, akatazama jinsi jina lilivyoandikwa siku ya kwanza ya ajira, kisha akaandika dokezo la mistari mitatu kwa mkubwa wake. Kijana hajui namba ile ni ya nini. Hakuna aliyemwambia. Na kwa kuwa hajui, na kwa kuwa shahada yake inamkataza kukiri kwamba hajui, amemtupia lawama mtandao, ambao hauna mdomo wa kujitetea.

Hapo ndipo yanapoonekana maradhi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni ukosefu wa adabu mbele ya mwananchi. La pili ni kutoijua kazi yenyewe. Wanaolalamika vijiweni huliona lile la kwanza, kwa sababu linaudhi. La pili ni baya zaidi, na mara nyingi ndilo linalolizaa la kwanza. Mtu asiyejua kazi huogopa kuulizwa, na anayeogopa kuulizwa hujificha nyuma ya ukali.

Wastaafu hupenda kusema kwamba zamani mambo hayakuwa hivyo. Kauli hiyo haina budi kupokewa kwa tahadhari. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na miongoni mwa mambo yaliyolaaniwa humo waziwazi ni majivuno na dharau ya viongozi kwa watu wanaowaongoza. Chama hakikuwa kikilaani jambo lisilokuwapo. Katika miaka iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliushika Mwongozo huo mkononi wakagoma dhidi ya mameneja waliowadharau. Na ni nani kati ya waliopanga foleni za sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, atakayethubutu kusema kwamba muuzaji wa duka la umma alikuwa mnyenyekevu? Umangimeza haukuzaliwa na kizazi cha simu za mkononi.

Hata hivyo ipo tofauti, na ni kubwa. Karani mkali wa siku zile alijua jalada liko wapi. Alikuwa na kiburi, lakini alikuwa na kazi mikononi. Mwananchi akishakaripiwa, alau aliondoka na karatasi yake. Leo mwananchi anaweza kutabasamiwa vizuri sana, akaitwa "mteja wetu mpendwa", akakaribishwa kiti, na bado akaondoka mikono mitupu.

Karani yule hakuzaliwa akijua. Alipoajiriwa aliwekwa masjala chini ya mtu aliyemtangulia, akafundishwa kufungua jalada, kuzipa barua namba za folio, kuingiza barua katika kitabu cha kupokelea, na kuweka kumbukumbu ya majalada yanayotakiwa kurudi mezani siku fulani ili jambo la mtu lisisahaulike. Waliopita Chuo cha Uhazili Tabora walijua kupanga barua ikapendeza kabla hata haijasomwa. Kazi hizo zilionekana ndogo, na wasomi walizicheka. Lakini Serikali ni kumbukumbu. Ofisi isiyojua ilimwandikia nini mtu mwaka 1986 haiwezi kumtendea haki leo, hata ikinunuliwa kompyuta mia.

Je, mnyororo huo ulikatika wapi? Wengi hukimbilia kuwataja vijana. Ukweli ni kwamba ulianza kukatika kabla ya vijana wengi wa leo kuzaliwa. Katika miaka ya 1990, chini ya mpango wa kurekebisha utumishi Serikalini na kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje, makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini na ajira mpya zikafungwa. Hesabu za mishahara zilipungua. Jambo ambalo halikuhesabiwa ni kwamba mafundi wa kazi, yaani makarani wakuu, watunza stoo, wapima ramani na wahudumu wenye uzoefu, waliondoka bila kumkabidhi mtu yeyote kile walichokijua, kwa sababu hapakuwa na wa kukabidhiwa. Ajira zilipofunguliwa tena, kijana aliingia katika chumba ambacho nusu ya walimu wake hawakuwamo.

Kisha kikaja kitu kingine, ibada ya cheti. Mwaka 2017 watumishi zaidi ya 9,900 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Hatua ile ilikuwa ya haki, kwa maana anayeingia kazini kwa uongo ataendelea kwa uongo. Lakini wapo waliojifunza somo lisilokuwamo. Walidhani kwamba ikiwa cheti cha uongo ni kosa, basi cheti cha kweli ndiyo kazi yenyewe. Hivyo kijana huulizwa katika usaili maana ya utawala bora, akajibu kwa ufasaha, lakini haulizwi afanye nini mwananchi wa mia moja akifika dirishani saa tisa na nusu akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni.

Walimu wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba jambo hili linawahusu maofisa wa halmashauri peke yao. Ndugu msomaji, tembea nyuma ya majengo ya shule ya msingi yoyote iliyo karibu. Aghalabu utakuta kilima cha madawati. Mwaka 2016, elimumsingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa na watoto wakafurika madarasani, nchi nzima iliingia katika kampeni ya madawati. Wananchi, taasisi na wabunge walichanga, na mbao zilipasuliwa usiku na mchana. Leo sehemu ya jasho hilo inanyeshewa mvua. Chunguza dawati moja moja: hili limelegea bolti, lile limechomoka msumari, la tatu limepasuka ubao mmoja wa kukalia. Watoto wameketi sakafuni, na barua ya kuomba fundi imepelekwa wilayani.

Shule hiyo ina walimu kumi na wawili, na kati yao vijana saba wenye nguvu. Ina wanafunzi wa darasa la saba wanaoweza kushika nyundo. Kilichokosekana ni nyundo yenyewe, na mtu asiyeona haya kuishika.

Haya hiyo ina historia. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka mtoto ajifunze kwa kufanya kazi, na shule iwe jamii inayojitengenezea mahitaji yake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule za sekondari zikaimarishwa kwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Kulikuwa na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga, ambako kijana wa kidato cha pili alijua tofauti ya randa na msasa. Mengi katika hayo yaliachwa yanyauke. Karakana ziligeuka stoo, stoo zikageuka madarasa, na vyuma vikaota kutu.

Lakini jambo baya kuliko yote lilitendeka katika shule za kawaida, na lilitendwa na walimu wenyewe. Kazi iligeuzwa kuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa alipelekwa kulima, na aliyepiga kelele akafyeka uwanja, huku yule aliyefaulu akiachwa akae kivulini. Mwanafunzi aliyepitia miaka saba ya mafunzo hayo anajua jambo moja kwa yakini: jembe ni la mkosaji, na kalamu ni ya mwenye akili. Akija kuajiriwa baada ya hapo, anaona kubeba jalada ni kazi ya mhudumu, kubadilisha taa iliyoungua ni kazi ya fundi umeme, na kumwinukia mzee ni kujishusha. Nani wa kulaumiwa?

Anayetaka ushahidi kwamba kosa halimo katika damu ya vijana na aende Keko, Dar es Salaam. Huko vijana wa umri uleule, wengi wao bila cheti chochote mfukoni, wanatengeneza makochi na vitanda kwa vipimo wanavyovikariri kichwani. Au na asimame katika kibanda cha wakala wa pesa za simu. Msichana wa miaka ishirini na mbili anahudumia watu sita kwa wakati mmoja, anahesabu noti bila kukosea, anamtaja mteja jina, na anamsaidia bibi asiyejua kusoma kuiona salio lake. Kwa nini msichana huyu ni mwepesi na kaka yake wa ofisini ni mzito? Jibu ni jepesi. Msichana akikosea elfu kumi, jioni analipa yeye. Kaka yake akikosea, analipa mzee wa kijijini kwa nauli ya siku nyingine.

Watatokea wa kudakia hapo na kusema kwamba basi dawa ni kuziendesha ofisi za umma kama kibanda cha biashara. Hapana. Kibanda kinamhudumia mwenye pesa, na asiye na pesa hana sababu ya kusimama pale. Ofisi ya umma inamhudumia hata asiye na senti, na kwa kweli huyo ndiye anayeihitaji zaidi. Ndiyo maana neno hili "mteja", lililoingia maofisini pamoja na soko huria, linastahili kutazamwa kwa jicho kali. Mteja anabembelezwa kwa sababu anaweza kwenda duka la pili. Mwananchi hana wizara ya pili ya kwenda. Anachokuja kudai dirishani ni haki yake, na haki haitolewi kwa kuvaa fulana zenye maandishi na kukata keki kila Oktoba, wiki ya huduma kwa wateja inapofika, huku siku nyingine zote za mwaka simu ya mezani ikilia bila kupokewa.

Wapo pia wanaoilaumu simu ya mkononi kwa kila kitu. Simu inapoteza muda, hakuna ubishi. Lakini kabla ya simu kulikuwa na chai ya saa nne iliyomalizika saa tano na nusu, na kulikuwa na koti lililotundikwa kitini ili ionekane mwenyewe yupo. Mkubwa wa ofisi anayelaumu simu na anarudi chumbani kwake kutazama yake hana haki ya kusikilizwa.

Na hapa ndipo mzigo unapopaswa kutuliwa, kwenye mabega ya wakuu wa idara na wakuu wa shule. Kijana anapoajiriwa anapewa kipindi cha majaribio. Kipindi hicho kimewekwa ili ajaribiwe, na hawezi kujaribiwa bila kufundishwa. Ni wakuu wangapi waliowahi kuketi na mwajiriwa mpya kwa wiki moja tu, wakamwonyesha jalada linavyosafiri toka masjala hadi mezani na kurudi? Katika ofisi nyingi kipindi kinapita, fomu inajazwa kwamba tabia yake ni njema na utendaji wake unaridhisha, na kijana anathibitishwa kazini akiwa hajui kitu. Saini iliyoko chini ya fomu hiyo ni ya mzee, wala si ya kijana. Mkuu aliyetia saini ile aitwe aeleze aliridhishwa na nini.

Kwa upande wa shule, mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Ni hatua njema, na imechelewa. Lakini mkondo huo utafundishwa na nani, ikiwa mwalimu mwenyewe alifuzu bila kuukata ubao hata mmoja? Na mafundi wa Keko, ambao ujuzi unaotafutwa uko viganjani mwao, wataitwa lini kuja kuuonyesha mbele ya wanafunzi, au watasubirishwa mpaka walete shahada? Kabla majibu hayo hayajatoka wizarani, kila mkuu wa shule anaweza kununua nyundo mbili na kilo moja ya misumari, na kuanza na kilima kile cha madawati, wanafunzi na walimu pamoja, bila kumwita mkosaji yeyote.

Yule mzee alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu alionekana na mhudumu wa ofisi aliyekuwa akipita na birika la chai, mtu wa elimu ya darasa la saba aliyefanya kazi masjala zamani kabla ya kupangiwa shughuli nyingine. Aliiomba ile barua, akaisoma namba iliyo juu, akaweka birika chini, akaingia ndani. Jalada lilipatikana kwa dakika sita, na katika folio ya kwanza jina limeandikwa Athumani kwa mkono wa mwenyewe. Mhudumu huyo anastaafu Desemba. Hakuna kijana hata mmoja katika ofisi ile aliyeagizwa aketi naye.