Wakili Aliyelipa Ili Atumike

Louis Brandeis alikuwa wakili wa Marekani. Hakuwa Mkristo, alikuwa Myahudi, wa taifa lile alimozaliwa Bwana wetu.

Wazazi wake, Adolph na Frederika, walitoka mji wa Prague baada ya machafuko ya mwaka 1848, wakavuka bahari pamoja na jamaa zao wengi, hata wakakaa Louisville katika Kentucky. Huko baba alifanya biashara ya nafaka. Kentucky siku zile watu walikuwa na watumwa, nao wageni hawa waliuchukia utumwa. Louis alizaliwa mwaka 1856. Vita vya Wamarekani wao kwa wao vilipoanza alikuwa mtoto mdogo, lakini hata uzeeni alikumbuka jinsi alivyomsaidia mama yake kuwapelekea askari wa Kaskazini chakula na kahawa.

Akaingia chuo cha sheria cha Harvard, umri wake miaka 18. Macho yake yakadhoofika kwa kusoma mno, ikawa wenzake humsomea vitabu, naye husikiliza na kushika. Mwaka 1879 yeye na mwenzake wa chuoni, Samuel Warren, wakafungua ofisi yao Boston, nayo ikawaletea mali nyingi.

Baadaye akaona ya kuwa katika mambo ya reli na gesi ya taa matajiri wana mawakili, bali watu wa mji hawana mtu. Akaanza kuwatetea bila ujira. Ndipo akafikiri tena: saa nilizowapa watu si zangu peke yangu, ni za wenzangu wa ofisini pia, nao hawakuulizwa. Basi akawalipa wenzake fedha za saa zile kutoka mfuko wake mwenyewe.

Mimi niandikaye niliposoma neno hili niliweka kitabu chini. Twamsifu mtu ajitoleaye, wala hatuulizi ni nani aliyelipa gharama. Mwalimu mmoja niliyemjua alishinda kila jioni katika mambo ya kanisa. Mkewe ndiye aliyelima peke yake, akachota maji, akauguza watoto. Sisi tulimshukuru mwalimu.

Lakini kazi ambayo Brandeis mwenyewe aliihesabu kuwa kubwa kuliko zote ni ya bima ya maisha. Wafanyakazi wa viwanda waliogopa kufa bila kuacha hata fedha za maziko. Makampuni yakatuma watu nyumba kwa nyumba kila juma kukusanya senti chache chache. Mtu akiugua au akikosa kazi, asiweze kulipa majuma machache, mara nyingi alipotewa na yote aliyokwisha kutoa. Brandeis akafanya hesabu: katika miaka 15 iliyoishia mwaka 1905, wafanyakazi wa Massachusetts walikuwa wamelipa zaidi ya dola milioni 61, wakarudishiwa pungufu ya milioni 22.

Angeweza kulaumu tu, akaenda zake. Akashauri kwamba benki za akiba, zisizo na wenyewe wa kugawana faida, ziruhusiwe kuuza bima hiyo kwa bei ndogo, pasipo wakusanyaji wa mlangoni. Makampuni yakapinga. Naye akazunguka akisema na vyama vya wafanyakazi na wafanya biashara, hata sheria ikatiwa sahihi mwezi Juni 1907. Mwaka uliofuata benki ya Whitman, mji wa washona viatu, ilikuwa ya kwanza kuianza kazi.

Mwaka uo huo wa 1908 aliitetea sheria ya Oregon iliyokataza wanawake wa kazi ya udobi kufanyizwa kazi zaidi ya saa 10 kwa siku, akashinda.

Rais Wilson alipomchagua kuwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1916, wakubwa wengi walimpinga muda wa miezi minne. Akakubaliwa kwa kura 47 kwa 22, Myahudi wa kwanza kuketi pale, akahukumu hata mwaka 1939. Nyumbani kwake yeye na mkewe Alice waliishi bila anasa, wageni wakilishwa chakula cha kawaida.

Alifariki Oktoba 1941. Majivu yake yamezikwa chini ya baraza ya chuo cha sheria cha Louisville, mji ule ambamo baba yake mgeni aliuza nafaka.