Kelele za Klachi na Giaboksi: Sikiliza Kabla ya Kulipa

Msomaji wetu mmoja wa Kisauni, mama wa watoto wanne, ametuandikia kuhusu gari la nyumba yao. Ni Toyota Corolla ya zamani, ya gia za mkono, ambayo ndiyo tegemeo la safari za shule, sokoni na hospitali. Kwa majuma mawili sasa gari hilo languruma likiwa limesimama na injini inawaka. Akikanyaga klachi, ngurumo hukatika. Mumewe yuko safarini, kwa hivyo amelipeleka gereji mwenyewe. Fundi akalisikiliza kwa muda mfupi, akasema giaboksi imekwisha na inunuliwe nyingine. Pesa alizotajiwa zakaribia karo ya muhula ujao. Swali lake ni fupi: nitajuaje kama asemalo ni kweli?

Hili ni swali la nyumba nyingi. Mafundi waaminifu tunao, tena wengi. Lakini hata fundi mwaminifu hukisia anapokuwa na haraka, na anayelipa gharama ya kisio ni mwenye gari. Mwenye gari akiweza kueleza kelele yasikika lini, na yanyamaza lini, ameshamwokolea fundi nusu ya kazi na amejiokolea sehemu ya pesa zake.

Kazi ya klachi

Klachi yakaa kati ya injini na giaboksi. Upande wa injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, lizungukalo wakati wote injini inapowaka. Mbele yake kuna pleti ya klachi, na nyuma ya pleti kuna presha, ambayo kwa nguvu ya springi zake huibana pleti ile kwenye flaiwili. Zikibanana, vyote huzunguka pamoja na nguvu ya injini hufika kwenye giaboksi.

Unapokanyaga klachi, beringi ndogo husukuma springi za presha, pleti ikalegea, na injini ikabaki kuzunguka peke yake. Mafundi huiita beringi hiyo rilisi.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote. Gari likiwa nyutro na mguu uko juu, shafti ya kwanza ya giaboksi inazunguka pamoja na injini. Ukikanyaga klachi hadi chini, shafti hiyo husimama, na rilisi nayo huanza kubeba uzito. Kwa hivyo kanyagio la klachi hutenganisha sehemu zinazoshukiwa, kama vile daktari atengavyo maumivu ya tumbo na ya mgongo kwa kubonyeza mahali mbalimbali.

Jaribio la gari lililosimama

Liegeshe gari mahali tambarare na penye hewa, mbali na watoto. Vuta breki ya mkono, tia nyutro, iache injini iwake mpaka ipate joto, kisha zima redio na feni. Sikiliza kwanza mguu ukiwa juu. Halafu kanyaga klachi polepole, na usikilize tena.

Kelele ikiwapo mguu ukiwa juu, kisha ikafifia na kupotea unapokanyaga, shaka yaelekea kwenye giaboksi: aghalabu ni beringi ya shafti ya kwanza, au oili iliyopungua. Usitarajie ikatike papo hapo kila mara, kwani shafti huchukua muda kidogo kutulia.

Kinyume chake, mguu ukiwa juu kuna kimya, lakini mara tu unapogusa kanyagio husikika mlio mkali au mkwaruzo, basi mshukiwa wa kwanza ni rilisi. Giaboksi yaweza kuwa nzima kabisa. Itashushwa ili fundi aifikie beringi hiyo, ila hakuna sababu ya kununua giaboksi nyingine.

Jaribio la tatu hufanywa injini ikiwa imezimwa. Kanyaga na uachie klachi mara kadhaa. Ukisikia mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta, tatizo laweza kuwa kwenye maungio ya kanyagio, waya wa klachi, au mahali panapoegemea uma unaosukuma rilisi. Pengine dawa yake ni grisi tu. Inasikitisha kwamba kelele hii hafifu imewahi kuwatoa watu pesa za klachi nzima.

Jibu la mama wa Kisauni

Kwa maelezo yake, ngurumo hukatika klachi inapokanyagwa. Kwa hivyo fundi wake hakukosea mahali: kelele yaelekea kutoka ndani ya giaboksi. Lakini kutoka hapo hadi kununua giaboksi nyingine kuna hatua ambazo hazikupitiwa.

Kwanza, oili ipimwe. Giaboksi nyingi za magari ya zamani hazina kijiti cha kupimia kama cha injini. Ubavuni kuna tundu lenye skrubu, na gari likiwa sawasawa oili hufika kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo. Watu wengi hubadilisha oili ya injini mara kwa mara na kuisahau ya giaboksi kwa miaka. Ikiwa imepungua, lazima itafutwe sili inayovuja, sivyo itapungua tena.

Pili, oili imwagwe ndani ya chombo safi na itazamwe. Ujiuji laini wa kijivu kwenye sumaku ya skrubu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, au jino la gia lililovunjika, ni habari nyingine. Oili mpya iwe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Baadhi ya oili za daraja la GL-5 hazifai giaboksi zilizotengenezewa GL-4, kwa kuwa viungo vyake vyaweza kudhuru shaba iliyomo ndani.

Tatu, amuulize fundi: je, beringi yaweza kubadilishwa peke yake? Mara nyingi yawezekana, maadam gia zenyewe ni nzima. Giaboksi ya mtumba nayo imeshatumika, na umri wa beringi zake hakuna aujuaye. Akiamua kuinunua, aandikiwe risiti yenye muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo haisaidii kelele ile ile ikirudi baada ya mwezi.

Kelele za barabarani

Kelele ikisikika katika gia moja tu, tatizo laelekea kuwa kwenye gia hiyo au sehemu zinazoishika. Katika magari mengi ya zamani yanayoendeshwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Kelele ikisikika katika gia nyingine zote na kupungua katika ya nne, shafti ya chini na beringi zake zichunguzwe.

Kelele ikifuata mwendo wa gari hata ukitia nyutro barabara ikiwa shwari, huenda si ya klachi wala ya injini. Tazama beringi za magurudumu, matairi na difu. Mlio wa "tak-tak-tak" unapokata kona kali katika gari la magurudumu ya mbele kwa kawaida ni wa joint ya shafti ya gurudumu, wala hauhusu giaboksi.

Gia ikikwaruza wakati wa kuingia, fanya hivi: gari likiwa limesimama na injini inawaka, kanyaga klachi hadi chini, hesabu polepole hadi tano, kisha tia rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, klachi haiachii sawasawa. Huenda waya wataka kurekebishwa; au, katika gari linalotumia pampu, mafuta yake yamepungua au hewa imeingia. Lakini ikiwa rivasi yaingia vizuri na mkwaruzo ni wa gia ya pili tu gari likienda, basi kifaa kilinganishacho mwendo wa gia hiyo kimechakaa.

Klachi inayoteleza nayo hujulikana mlimani: injini yapiga kelele, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua yaingia ndani. Dalili hiyo haingoji. Klachi ikikuacha katikati ya mteremko wa feri pale Likoni, na magari yamejipanga nyuma yako, hatari si yako peke yako.

Kabla ya kukubali kazi

Umwombe fundi aendeshe gari pamoja nawe, au alisikilize ukifanya majaribio hayo mbele yake. Mwambie kelele yasikika lini, wala usimtajie ugonjwa; ukimwambia "badilisha klachi" ataibadilisha. Mwombe ataje sehemu anayoishuku na sababu yake. Bei ya spea na ya kazi ziandikwe mbalimbali, na vifaa vya zamani urudishiwe uvione. Kumwambia fundi haya si kumvunjia heshima. Fundi anayejua kazi yake huyafurahia maswali.

Giaboksi ikishashushwa kwa sababu ya rilisi, pleti na presha zitazamwe pia, kwa kuwa kazi kubwa ni ile ya kushusha na kupandisha. Ikiwa zimechakaa, ni afadhali kununua seti nzima kuliko kulipia kazi hiyo mara mbili. Uso wa flaiwili na sili ya oili nyuma ya injini vikaguliwe wakati huo huo.

Tabia za kuacha

Uharibifu mwingi wa klachi huanzia mguuni. Usiuegemeze mguu kwenye kanyagio unapoendesha. Hata uzito mdogo huichosha rilisi. Usilizuie gari mlimani kwa klachi. Vuta breki ya mkono. Katika foleni, tia nyutro na uondoe mguu. Wala usiuache mkono ukining'inia kwenye mkono wa gia, kwani mkandamizo huo hufika ndani ya giaboksi.

Na ngurumo ikizidi, gia ikichomoka yenyewe, au oili ikionekana sakafuni, gari lisiendelee kutumika kwa matumaini. Beringi ikivunjika yaweza kuziharibu gia zilizokuwa salama, na hapo ndipo maneno ya "nunua giaboksi nyingine" huwa ya kweli. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia breki: namna ya kujua pedi zinapokaribia kwisha kabla hazijaanza kukwaruza.